Chakula cha panya wa maabara: kwa nini kuchemsha peke yake hakutoshi

Ukitembea asubuhi ufukweni upande wa Nyegezi, kuelekea Malimbe na Luchelele, harufu itakufikia kabla hujaona kitu. Dagaa waliovuliwa usiku wameanikwa. Wengine wako juu ya nyavu kuukuu, wengine kwenye chanja, wengine mchangani moja kwa moja. Kuku wanadonoa pembeni, yangeyange wanasubiri zamu yao. Wale dagaa wazuri wataenda Mwaloni Kirumba, na kutoka hapo watasafiri hadi Kongo. Waliovunjika na kuchanganyika na mchanga huishia kwenye vinu vya chakula cha mifugo, wanasagwa pamoja na pumba za mahindi, mashudu ya pamba au alizeti, chokaa na chumvi.

Kuku wanakula, wanataga, maisha yanaendelea. Lakini kuna mlaji mwingine ambaye watu wengi hawamfikirii: panya mweupe wa maabara. Popote maabara inapojitengenezea chakula cha panya badala ya kuagiza nje, dagaa huyu huyu ndiye protini iliyo karibu na isiyo ghali. Ila kabla panya hajapewa, chakula kinapakiwa kwenye mifuko, kinaingizwa kwenye otoklevu, yaani lile sufuria kubwa la mvuke wa presha, na kupashwa moto hadi nyuzi 121 za sentigredi.

Sasa hapo mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: hivi kweli? Panya wa stendi anakula maganda ya ndizi na mifupa ya sato, na ukimwona ananawiri. Mbona huyu wa maabara anapikiwa kama mgonjwa wa Bugando?

Swali ni zuri. Jibu lake litatupitisha Entebbe, Morogoro na Tanga kabla ya kuturudisha hapa Mwanza, kwenye geji ya otoklevu ambayo inaweza kukudanganya kwa sababu tu tunaishi juu kuliko Dar es Salaam.

Panya ni mzani

Anza na duka la mangi. Ukinunua kilo moja ya sukari unaamini mzani. Tuseme chini ya sahani ya mzani pamenasa kijiwe ambacho hata mwenye duka hajakiona. Kila kinachopimwa siku hiyo kitakuwa na makosa, na hakuna atakayejua, kwa sababu mzani haupigi kelele ukiwa mbovu.

Panya wa maabara ni mzani wa namna hiyo. Tunampa dawa mpya ya kichocho, au chanjo, au juisi ya majani ya mti fulani, kisha tunaangalia mwili wake umejibu nini. Kirusi kilichoingia kwa siri mwilini mwake ndicho kijiwe chenyewe.

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa uzamili. Umekamua mizizi ya mti ambao bibi yako anasema unayeyusha uvimbe, na unataka kuujaribu kwa panya wenye saratani. Wiki ya nne uvimbe unapungua. Furaha! Lakini je, kama panya wako walikuwa na kirusi cha parvo? Virusi vya kundi hili huzaliana ndani ya seli zinazogawanyika haraka haraka, na seli za saratani ndizo mabingwa wa kugawanyika. Inawezekana kilichopunguza uvimbe ni kirusi, mti wa bibi ulikuwa mtazamaji tu. Na inawezekana pia kinyume chake: mti unafanya kazi kweli, ila kirusi kimevuruga kinga ya panya mpaka matokeo hayasomeki, nawe ukautupa.

Kwa vyovyote vile, panya 40 wamekufa bure. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kanuni tatu ambazo mpaka leo ndizo msingi wa maadili ya utafiti wa wanyama: tumia njia mbadala inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza mateso yao. Jaribio lililoharibiwa na kirusi cha kwenye chakula linavunja kanuni ya pili waziwazi, kwa kuwa itabidi urudie lote.

Ng'ambo ya ziwa, Entebbe

Huu si wasiwasi wa kwenye makaratasi. Upande wa pili wa ziwa letu, pale Entebbe, mwaka 1936 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano kwa msaada wa Rockefeller Foundation. Leo inaitwa Uganda Virus Research Institute. Chombo chao kikuu cha kuwinda virusi kilikuwa panya mweupe. Ulichukua damu ya mgonjwa, ya nyani au mbu waliosagwa, ukawadunga panya kwenye ubongo, ukasubiri. Panya akipooza au kufa, unashuku kuna kirusi.

Kwa njia hiyo walipata kirusi cha West Nile mwaka 1937 na cha Zika mwaka 1947. Hata chikungunya, ugonjwa uliolipuka kwenye uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953 na kupewa jina kutoka kwenye lugha ya Wamakonde wenyewe, kirusi chake kilitolewa kwenye damu ya wagonjwa kwa kutumia panya.

Unaona hatari iko wapi? Njia nzima inategemea kwamba panya akipooza, kilichompooza ni kile ulichomdunga. Je, kama alikuja na cha kwake?

Aliyelikuta tatizo hili mapema ni Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwaka 1930 ndiye aliyeonyesha kwamba kirusi cha homa ya manjano kinaweza kukuzwa kwenye ubongo wa panya mweupe, kazi iliyofungua mlango wa chanjo na kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Katikati ya kazi hiyo aliona panya ambao hawakudungwa chochote wakipooza miguu ya nyuma. Mwaka 1934 alitangaza kwamba huo ni ugonjwa wa panya wenyewe, wenye kirusi chake. Kirusi hicho sasa kinaitwa kwa jina la Theiler. Makazi yake ya kawaida ni utumbo. Panya wengi wanakibeba bila dalili yoyote, wanakitoa kwenye kinyesi, na mwenzao anakipata kwa mdomo. Kumbuka hilo neno: kwa mdomo.

Entebbe nako, mwaka 1946, tumbili aina ya rhesus aliyekuwa kizuizini alipooza miguu ya nyuma. Watafiti walitoa kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana, wakakipa jina la Mengo, na mwaka 1948 wakaandika kwamba kinaweza kumshika hata binadamu. Baadaye ikajulikana kuwa kirusi cha Mengo ni kitu kimoja na kile kilichotolewa kwa giboni huko Florida mwaka 1945, na kwamba ni ndugu wa karibu wa kirusi cha Theiler. Mwenyeji wake mkuu ni panya. Kwenye mabanda ya nguruwe duniani, njia inayotajwa sana ya maambukizi ni hii: panya ameingia stoo, amekojoa na kunya kwenye chakula, au amefia humo, nguruwe akala.

Kwa hiyo kirusi chenye jina la hapa hapa Ziwa Victoria ndicho mfano mzuri wa somo letu. Panya mmoja mchafu akipita kwenye gunia, gunia linakuwa sindano.

Kwenye gunia kunaingiaje virusi?

Mahindi hayazaliwi na virusi vya panya. Dagaa pia hawana. Virusi huletwa na panya wa nje, na huyo ana nafasi nyingi: shambani, kwenye ghala la kijijini, kwenye lori, kinuni, dukani, na mwisho kabisa stoo yenyewe ya maabara. Kila kituo ni usiku mmoja au miezi mitatu ya panya kutembea juu ya chakula.

Tanzania tunamjua sana mmojawapo, panya shamba mwenye chuchu nyingi, Mastomys natalensis, ambaye miaka ya mlipuko hufukua hata mbegu zilizopandwa jana. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kirusi walichokikuta kwa panya hao Morogoro, wakakiita kirusi cha Morogoro. Ni jamaa wa kirusi cha Lassa cha Afrika Magharibi, ingawa hakijulikani kuleta ugonjwa kwa watu. Virusi vya ukoo huu hutoka kwenye mkojo wa panya.

Utasema: lakini jua la Mwanza si linaua? Linaua kiasi. Mwanga wa jua unachoma vijidudu vya juu juu, pale unapofika. Ndani ya rundo la dagaa haufiki. Halafu kukausha si kuua. Chakula kikavu kinazuia bakteria wasizaliane, lakini kirusi hakihitaji kuzaliana kwenye gunia. Kinachohitaji ni kusubiri mdomo tu, na baadhi ya virusi ni hodari wa kusubiri. Tena hata ukianika kwenye chanja safi, kama wanavyohimizwa wachakataji, jua lilifanya kazi yake kabla panya wa stoo hajafika.

Tuseme ukweli pia: chakula si mlango pekee. Virusi huingia na matandiko ya maranda ya mbao, na viatu, na panya wapya walionunuliwa, na mhudumu mwenye panya nyumbani kwake. Ila matandiko na chakula ndivyo vinavyoingia kila wiki, kwa kilo nyingi, na chakula ndicho kinachopelekwa mdomoni moja kwa moja.

Koti la mafuta na gamba gumu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani "vijidudu" ni kundi moja, ukiua kimoja umeua vyote.

Virusi vimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Vipo vinavyovaa koti la mafuta. Korona ni mmoja wao, ndiyo maana sabuni ilitusaidia mwaka 2020: sabuni inayeyusha mafuta, koti likiharibika kirusi kimekwisha. Kirusi cha Morogoro nacho kina koti. Hivi ni laini, joto la wastani linavimaliza.

Vipo visivyo na koti. Vimejifunga kwenye gamba la protini lililobana kama korosho ghafi. Kirusi cha Theiler, cha Mengo, kirusi cha noro cha panya, na vile vya parvo, vyote viko huku. Sabuni haviijali sana. Baadhi ya parvo hustahimili nyuzi 60 kwa saa nzima, na vikiwa vimekaukia ndani ya chakula vinakuwa wagumu zaidi kuliko vikiwa majini.

Na ni wajanja wa kujificha. Kirusi kidogo cha panya cha kundi la parvo kiligunduliwa mwaka 1966 kikiwa kimejificha ndani ya chupa ya kirusi kingine ambacho watafiti walidhani ni safi. Kirusi cha noro cha panya kilijulikana mwaka 2003 tu, kwenye chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani, kwa sababu kilianza kuua panya waliokuwa wameondolewa kinga kwa makusudi. Walipoanza kukitafuta kwingine, wakakikuta kwenye maabara nyingi sana duniani. Panya wenye kinga nzuri walikuwa nacho, hawaugui, na hakuna aliyejua.

Ndiyo maana kusema "panya wangu wana afya, sijaona tatizo la chakula" hakuthibitishi kitu.

Sasa angalia njia za kawaida. Mashine ya kutengeneza chakula cha vidonge, vile vijiti vigumu anavyotafuna panya, hupasha unga kwa mvuke kufikia nyuzi 70 au 80 na kitu, kwa muda mfupi. Bakteria wengi wanakufa, salmonela wa kwenye dagaa wanapungua sana. Virusi vyenye koti vinakufa. Vya gamba vinapungua tu, na kwa kirusi kupungua si kwisha, maana vichache vikipata panya mmoja vitazaliana hadi mamilioni, na panya huyo atawapa wenzake chumba kizima.

Mwanza maji huchemka mapema

Basi tuchemshe. Hapana, subiri.

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku juu ni nyepesi kidogo kuliko Dar, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ukichemsha chakula kwenye sufuria Nyegezi, hata ukiongeza kuni mpaka jiko lilie, maji hayatapanda zaidi ya hapo. Na mwisho wa yote una uji, wakati panya anahitaji kitu kigumu cha kusugua meno yake yasiyoacha kukua.

Presha ndiyo inayopandisha joto. Otoklevu ni ndugu wa presha kuka la jikoni: unafunga mvuke, presha inapanda, maji yanakataa kuchemka mpaka nyuzi 121. Kwa nini mvuke, si tanuri kavu? Kumbuka ulivyowahi kuungua. Mkono ndani ya tanuri la mkate lenye nyuzi 180 unavumilia sekunde kadhaa. Mvuke wa sufuria ya ugali, ambao haufiki hata 100, unakubabua papo hapo. Mvuke ukigusa kitu cha baridi unageuka maji, na katika kugeuka huko unamwaga joto lake lote hapo hapo. Protini za gamba la kirusi zinavurugika kama yai linavyoganda.

Sasa ile geji. Vitabu vingi vinasema: pandisha hadi pauni 15 kwa inchi ya mraba, subiri dakika 15. Kilichoandikwa hakiongelei Mwanza, kinaongelea pwani. Geji inasoma presha iliyozidi ile ya nje. Nje kwetu presha ni ndogo, hivyo pauni 15 za geji zinakupa nyuzi karibu 119 badala ya 121.

Nyuzi mbili, unasema, si kitu? Ni kitu. Mbegu za bakteria wagumu wanaotumika kupima otoklevu hufuata kanuni hii: joto likishuka nyuzi 10, muda unaotakiwa unakuwa mara 10. Kwa nyuzi 2 pekee, muda unaotakiwa unaongezeka zaidi ya nusu. Dakika zako 15 za Mwanza kwa geji ya pauni 15 ni sawa na dakika 9 na nusu tu za kitabuni. Dawa yake ni kufikisha karibu pauni 17, kama chombo chako kimeruhusiwa kufika hapo, au kubaki kwenye 15 na kuongeza muda hadi dakika 24. Otoklevu za kisasa zinazojiendesha kwa kipimajoto zinajirekebisha zenyewe. Lile la kuweka juu ya jiko la gesi halijui kama liko Mwanza au Tanga.

Kuna mtego mwingine: katikati ya mfuko. Umewahi kupika kande kwenye sufuria kubwa, juu inatokota, katikati maharage bado mawe? Gunia la kilo 25 ndani ya otoklevu ni hivyo hivyo. Chakula kikavu kimejaa hewa, na hewa iliyonaswa inauzuia mvuke usiingie. Nje ya mfuko nyuzi 121, katikati 80. Ule utepe wa otoklevu unaobadilika mistari kuwa myeusi uliubandika nje, kwa hiyo unakueleza habari za nje. Pakia mifuko midogo, bapa, isiyobanwa, acha nafasi kati yao, toa hewa kwanza, weka kipimajoto au kiashiria katikati ya mfuko ulio mgumu zaidi kufikiwa, na anza kuhesabu dakika pale katikati inapofika joto.

Na miale je?

Maabara nyingi za nchi tajiri hununua chakula kilichopigwa miale ya gama ya kobalti-60, kwa dozi za kati ya kilogrei 20 na 50. Wengine wakisikia miale wanaogopa kwamba chakula kitakuwa na mionzi. Hakiwi, kama vile chumba hakibaki na mwanga ukizima taa. Tanzania tuna historia nzuri na teknolojia hii: Tanga walifuga mbung'o, wakawapiga madume miale ya gama ili wasizae, wakawaachia Unguja kwa ndege, na kufikia mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o.

Uzuri wa miale ni kwamba inapita katikati ya gunia bila kulipasha moto, vitamini nyingi zinabaki. Ubaya uko kwenye ukubwa wa shabaha. Fikiria mvua ya mawe. Bati la nyumba nzima halikosi kutobolewa, lakini kizibo cha soda kilicho uani kinaweza kupona. Bakteria E. koli ana herufi za vinasaba karibu milioni 4.6. Kirusi cha parvo kina takriban 5,000. Dozi inayomaliza bakteria wote inaweza kuacha vizibo kadhaa vya soda vikiwa vizima. Kwa hiyo lebo ya "kimepigwa miale" ni habari njema kuhusu salmonela, lakini kwa parvo inabidi uulize dozi ilikuwa ngapi.

Ukizidisha, unaua chakula

Hapo mtu atasema basi tupike saa nzima tumalize ubishi. Hapana tena.

Vitamini B1 haipendi joto, wala vitamini A. Panya anayekosa B1 anapata matatizo ya neva, nawe utarudi kule kule: mnyama anayeyumba, hujui ni dawa yako, ni kirusi au ni njaa ya vitamini. Ndiyo maana chakula kinachokwenda kwenye otoklevu huongezewa vitamini za ziada tangu mwanzo. Protini na sukari zikikaa kwenye joto zinashikana na kuwa kahawia kama chapati, na protini hiyo inakuwa ngumu kumeng'enywa. Vidonge vinaweza kukauka kama kokoto, vitoto vya panya vikashindwa kutafuna.

Tena mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikipata joto kali, kama chipsi, hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Baadaye ikaonekana hata chakula cha panya kilichopita kwenye otoklevu kinakuwa nayo. Kama unachunguza saratani, hicho ni kijiwe kingine chini ya mzani.

Na umeme ukikatika dakika ya 10? Hesabu haiendelei pale ilipoishia, unaanza upya. Ila chakula hicho sasa kimeungua mara mbili. Mpe kuku, andaa mfuko mwingine. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kurudia jaribio la miezi sita.

Kazi kubwa iko stoo

Ukichanganya yote haya utagundua jambo: mvuke ni kipa, si timu nzima. Kila kirusi ambacho hakikuingia kwenye gunia ni kirusi ambacho huhitaji kukiua, na kadiri vinavyokuwa vichache mwanzoni ndivyo mapishi ya kiasi yanavyotosha bila kuharibu vitamini.

Hivyo nunua nafaka na dagaa kwa mtu ambaye umeliona ghala lake. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, ili uone kinyesi cha panya kikiwepo. Bora zaidi, hamishia kwenye mapipa ya bati yenye mfuniko. Gunia lililotobolewa na meno halisafishwi, linaondoka. Andika tarehe, kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Chakula kikitoka kwenye otoklevu kisirudi tena upande wa stoo: otoklevu nzuri zina milango miwili, mchafu upande huu, msafi upande ule. Kama yako ina mlango mmoja, basi tenga muda, meza na mikono. Mtu aliyetoka kubeba gunia asiwe ndiye anayefungua mfuko uliotakaswa kabla ya kuoga na kubadili nguo.

Halafu pima. Kila baada ya muda weka ndani ya mfuko kichupa cha mbegu za bakteria sugu, kisha jaribu kuziotesha. Zikiota, mvuke haukufika. Na weka panya walinzi, wachache wasio kwenye jaribio lolote, wanaolalia matandiko machafu ya wenzao. Wakipimwa damu na kinyesi baada ya wiki kadhaa watakueleza kinachozunguka chumbani kabla hujaandika tasnifu.

Mambo haya hayahitaji mamilioni. Yanahitaji kipimajoto, mapipa, daftari na mtu anayeheshimiwa kwa kazi yake. Mara nyingi mhudumu wa panya ndiye wa mwisho kwenye orodha ya malipo na hatajwi kwenye shukrani za tasnifu, wakati yeye ndiye anayeona kinyesi cheusi kwenye gunia saa kumi na mbili asubuhi na kuamua kusema au kunyamaza. Naye pia yuko hatarini, kwa sababu baadhi ya virusi vya panya, cha Mengo kikiwemo, humpata na binadamu.

Siku nyingine ukipita ufukweni Nyegezi ukawaona dagaa kwenye chanja, wahesabie safari yao. Wengi watafika kwenye sahani yako na ugali. Wachache huenda wakafika kwenye banda la panya mweupe anayejaribiwa dawa ambayo kesho utaandikiwa wewe au mwanao. Hapo katikati kuna stoo moja, mfuko mmoja na geji moja. Ukipata nafasi ya kuingia humo, usiulize kwanza kama otoklevu inawaka. Uliza katikati ya mfuko joto limefika ngapi.